Aifungue Tena: Barua ya Wazi kwa Walimu na Watahini wa Ufundi Magari

Ndugu walimu na watahini,

Nawaandikia ninyi mnaofundisha ufundi wa magari katika vyuo vya ufundi stadi, pamoja na ninyi mnaopita kwenye gereji za mitaani kuwapima mafundi ambao hawakukaa darasani, ili ujuzi wao urasimishwe. Nina ombi moja. Kabla kijana hajapewa cheti cha kushika injini, mpeni injini iliyo wazi aifunge: sampu, kava ya mbele, tapeti kava na nyumba ya sili ya nyuma ya krenki. Asubuhi yake msimwambie aiwashe. Mwambieni aifungue tena mbele yenu, nanyi mchungulie ndani.

Nasema hivi kwa sababu naijua njia ambayo kazi hii hupitia huku kwetu. Injini ikishushwa, fundi mkuu anashika yaliyo makubwa: beringi, ringi za pistoni, valvu, taimingi. Hapo watu hukusanyika kutazama. Ikifika jioni, wote wamechoka, mwenye gari ameshapiga simu mara kadhaa, na dereva anaulizia kesho atapeleka nini kwa tajiri wake. Kufunga sampu anaachiwa spanaboi. Anapewa tyubu ya silikoni na neno moja tu: paka. Basi kazi inayoamua kama oili itabaki ndani, na kama itafika kwenye beringi zilizohangaikiwa mchana kutwa, inafanywa na mtu ambaye hakuna aliyekaa naye kumweleza.

Niliwahi kuletewa Toyota IST imenoki. Wiki chache kabla ya hapo ilikuwa kwenye gereji nyingine kwa kazi iliyoonekana ndogo, maana oili ilikuwa inatona kwenye sampu. Nilipolala chini ya gari lile sikuona tone. Pembeni mwa sampu silikoni ya kijivu ilikuwa imefura pande zote, na mwenyewe aliniambia kwa furaha kwamba tangu siku ile sakafu yake ni kavu. Tukaishusha sampu. Upande wa ndani silikoni ilikuwa imefura vilevile, ila sehemu kadhaa zilikuwa na mapengo, zimekatika. Vipande vilivyokatika tulivikuta kwenye wavu wa chujio la kunyonyea oili, vimeufunika karibu wote. Nilivichomoa kwa kibano kimoja kimoja nikavipanga juu ya kitambaa. Kimoja kilikuwa bado na alama ya nusu duara ya tundu la bolti. Beringi za koniroda zilikuwa zimelika hadi rangi ya shaba ikatokeza. Injini nzima ilikwenda kwa kazi ya kuzuia tone.

Kila mwanafunzi anapaswa kuijua safari ya oili kabla hajashika tyubu. Pampu hunyonya oili kutoka chini ya sampu kupitia lile chujio lenye wavu. Filta tunayobadilisha kila sevisi iko baada ya pampu, oili ikiwa imeshanyonywa, kwa hiyo haina uwezo wa kulilinda chujio. Kitu kilichoziba wavu kimeziba kabla ya pampu, na pampu ikikosa cha kunyonya, zile tabaka nyembamba za oili zinazotenganisha krenki na beringi hupotea. Taa ya oili kwenye dashibodi huwaka presha ikiwa imeshuka sana. Dereva wa daladala aliye katikati ya foleni, redio inaimba na abiria wanadai chenji, hataiona kwa wakati. Na akiiona, mara nyingi beringi zimeshaguswa.

Sasa niwaombe mfanye jaribio moja darasani, halina gharama. Chukueni sampu kuukuu iliyonyooka na kipande cha kioo cha dirisha. Mwanafunzi apake silikoni kwenye ukingo wa sampu jinsi anavyopaka siku zote, kisha mlaze kioo juu yake na kukibana kwa upole. Ataiona silikoni ikitambaa. Vitabu vya Toyota kwa injini nyingi vinataka uzi wa silikoni wenye unene wa milimita 3 hadi 5. Tuseme umepaka wa milimita 4, ukabanwa ukabaki na unene wa nusu milimita: utaenea hadi upana wa milimita 25 hivi, yaani tayari umeushinda ukingo wa sampu nyingi na kutokeza kidogo pande zote mbili. Spanaboi anayetaka kuwa na uhakika hupaka wa milimita 8. Yeye anadhani ameongeza maradufu. Hapana, ameongeza mara nne, kwa sababu silikoni iliyomo kwenye uzi hufuata mraba wa unene wake, na uzi huo ukibanwa vilevile unataka upana wa milimita 100. Ukingo hauna nafasi hiyo. Nusu itamwagikia nje ambako mwenye gari anaiona na kuisifu, nusu itamwagikia ndani ambako hakuna anayeiona. Kioo kinamwonyesha mwanafunzi upande ambao maisha yake yote hatauona, kwa kuwa injini ikishafungwa haina dirisha.

Uzi upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, usikatike mahali, na ncha zake zikutane. Hilo husemwa haraka lakini mkono unahitaji mazoezi. Wapeni tyubu za dawa ya meno wajizoeze kwenye karatasi kwanza. Silikoni nzuri ni ghali, na dawa ya meno hutoka kwenye tyubu kwa tabia ileile. Wafundisheni pia kutofautisha silikoni ya injini na ile ya ujenzi ya kuzibia masinki na madirisha. Nimeona zote mbili juu ya meza moja ya gereji. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na ya ujenzi haikutengenezwa kwa ajili ya oili ya moto.

Kabla ya kupaka kuna kusafisha, na hapa ndipo mikono yetu ina nguvu kuliko akili. Kijana akiona gasketi ya zamani imeng'ang'ania, anachukua patasi au bisibisi anakwangua alumini. Kila mstari anaouacha ni mfereji wa oili. Akiwa na grainda ndogo ya upepo, anaweka diski ya msasa na uso unang'aa kwa dakika moja. Unga wa diski hiyo ni mgumu kuliko beringi yoyote. Ukiangukia ndani ya injini iliyo wazi, hauoshwi kwa petroli iliyomwagwa juu juu. General Motors ya Marekani iliwahi kuwatumia mafundi wake waraka wa kuwakataza kabisa kutumia diski hizo kwenye nyuso za injini, kwa sababu ya beringi zilizokufa baada ya ukarabati. Kama kampuni yenye gereji za vioo na viyoyozi ililazimika kuandika waraka, sisi tunaofanyia kazi chini ya mwembe huku vumbi linapita tunapaswa kulibandika onyo hilo ukutani. Kinachotakiwa ni kikwaruzo cha plastiki, au kipande cha mti mgumu kilichochongwa, na subira. Kisha kitambaa kisichotoa nyuzi chenye kisafishio cha breki, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kidole kisiguse tena uso huo. Filamu ndogo ya oili inatosha kuizuia silikoni isishike.

Sampu ya bati ina ugonjwa wake. Ikikazwa kupita kiasi mara mbili tatu, bati linazama kwenye kila tundu la bolti na kuinuka kati ya tundu na tundu. Fundi anayefuata akipandisha sampu hiyo bila kuitazama, bolti zitabana kwenye matundu tu na katikati pabaki wazi, naye atajaza silikoni. Dawa yake ni kuilaza juu ya chuma bapa na kugonga kingo za matundu kwa nyundo ndogo mpaka rula ya chuma ikae bila mwanga kupita chini. Ni kazi fupi. Sijui kwa nini inadharauliwa.

Na bolti zenyewe. Bolti nyingi za sampu za magari yetu madogo ni za milimita 6, zenye kichwa cha spana namba 10, na kitabu hutaka zikazwe kwa takribani nyutoni mita 9. Namba hiyo haimwambii kitu kijana ambaye hajawahi kushika spana ya toki. Mwambieni hivi: ukishika spana sentimita 10 kutoka kwenye bolti, nguvu inayotakiwa ni sawa na uzito wa kilo 9 hivi ukining'inia hapo. Mningʼinizieni ndoo yenye maji lita 9 aone. Wengi watashangaa jinsi ilivyo kidogo, kwa sababu wamezoea kukaza mpaka wagune. Bolti zianzwe zote kwa vidole, halafu zikazwe kutoka katikati kwenda ncha, upande huu na upande ule, kwa mizunguko miwili au mitatu. Silikoni ikishakauka, hakuna kurudi kesho yake kuongeza "kidogo". Kuongeza huko kunaivunja ilipokwisha kushika. Na matundu yasiyotokea upande wa pili yakaushwe kwanza, maana oili iliyobaki mle ndani haibanwi: bolti itaonekana imekaza kumbe imesimama juu ya oili, au alumini itapasuka.

Kuhusu muda nitakuwa mkali zaidi. Silikoni hizi hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani. Ngozi hufunga ndani ya dakika chache, na Dar es Salaam hufunga upesi kuliko Dodoma ya kiangazi. Ndiyo maana vitabu vya Toyota kwa injini nyingi vinataka sampu ipandishwe ndani ya dakika 3 tangu silikoni ipakwe na bolti zimalizwe ndani ya dakika 15, halafu injini isitiwe oili wala isiwashwe kwa saa 2 angalau. Gereji zetu hufanya kinyume kabisa. Silikoni inapakwa, kisha bolti mbili hazionekani, mtu anatumwa dukani, anarudi, ngozi imeshafunga, ndipo sampu inapandishwa. Halafu baada ya kupoteza muda mahali ambapo haukupaswa kupotezwa, tunataka kuuokoa mahali ambapo unatakiwa: oili inamiminwa palepale, gari linawashwa, dereva anaondoka. Mtahini mwenye saa mkononi ataona hayo yote bila kuuliza swali. Je, bolti zilihesabiwa na kupangwa kabla ya tyubu kufunguliwa? Hilo moja linatosha kumjua fundi.

Lakini jambo ambalo naona limesahaulika zaidi ni ulengaji, yaani kuikalisha kava mahali pake hasa, na nawaomba mlipe nafasi kubwa. Kufunga injini si kuziba tu. Kava ya mbele na nyumba ya sili ya nyuma hubeba sili za oili, na sili ina mdomo mwembamba wa mpira unaoizunguka krenki. Nyumba ikikaa pembeni hata kwa sehemu ndogo ya milimita, mdomo unagandamizwa upande mmoja na kulegea upande wa pili. Itavuja, na haitasikia silikoni yoyote, kwa sababu hapo panapovuja panazunguka.

Watengenezaji wengi walituwekea pini mbili za kuongozea kwenye bloku ili kava isikae ila mahali pake. Pini hizo ni ndogo, zisizo na nyuzi, na kwa asiyejua zinaonekana hazina kazi. Hubaki kwenye karai la petroli, humwagwa pamoja na uchafu. Kava inapofungwa bila pini inashikiliwa na bolti tupu, na tundu la bolti siku zote ni pana kuliko bolti, kwa hiyo kava hukaa inapotaka. Kuna injini ambazo hata pini hazikuwekwa. V8 za Chevrolet za familia ya LS, zilizoanza kutoka 1997, hazina pini kwenye kava za mbele na nyuma: fundi analazimika kuilenga kava kwa krenki yenyewe, kwa kifaa maalumu, na wakati huohuo kuhakikisha ukingo wa chini wa kava uko sawa na ukingo wa bloku, tofauti isizidi nusu milimita. Kava ikishuka au ikipanda, sampu itakuta kingazi kwenye kona, na kona ndiko oili hutokea. Zaidi ya hayo, sampu ya injini hizo ni ya alumini na giaboksi inafungwa kwayo pia. Uso wake wa nyuma usipokuwa sawa na uso wa bloku, kukaza bolti za giaboksi kunaweza kulivunja sikio la sampu. Injini hizo si nyingi barabarani kwetu, lakini zinafaa kufundishia, kwa sababu zinamlazimisha fundi apime kile ambacho Toyota ilimpimia kwa pini.

Kupima kwenyewe kunataka rula ya chuma iliyonyooka na fila geji. Kunataka pia kujua kuipandisha kava moja kwa moja bila kuiburuza, maana ukiiburuza unaipangusa silikoni uliyoipaka na kuacha pengo usiloliona. Kuna mafundi wa zamani waliokata vichwa vya bolti mbili ndefu, wakazifunga kwenye bloku kama vijiti, kava ikateleza juu yake mpaka ikae, kisha wakazitoa na kuweka bolti zake. Huo ni ujuzi wa kutunzwa. Uandikeni kwenye vitini vyenu.

Kwa injini ambazo pampu ya oili imo ndani ya kava ya mbele, kama 1NZ iliyo kwenye IST, Vitz na Probox, rota ya pampu lazima ishikane sawasawa na krenki kabla ya bolti ya kwanza kukazwa. Mwanafunzi akiona kava imegoma kukaa, asiivute kwa bolti. Na oringi, hasa ile ya bomba la kunyonyea, iwekwe mpya, ipakwe oili, isibanwe. Ikikatika, pampu inanyonya hewa, presha inashuka, na mtu atanunua pampu mpya kwa kosa la kampira.

Tapeti kava nitaipita upesi. Gasketi yake ya mpira haitaki silikoni pande zote. Inataka tone kwenye viungo tu, pale kava ya mbele inapokutana na silinda hedi na kwenye kona za kofia za kemshafti. Anayeijaza yote silikoni ameharibu gasketi nzima na atailaumu kuwa feki.

Mfundisheni mwanafunzi pia kuuliza kwa nini oili ilivuja kabla ya kuziba. Valvu ya kupumulia ikiziba, hewa inayopita pembeni mwa pistoni inakosa pa kutokea, inaisukuma oili popote penye udhaifu. Utafunga sampu leo, kesho itatokea kwenye sili. Na sampu ikishushwa kwa sababu yoyote ile, chujio lisafishwe. Wenye Hilux na Prado za D-4D, zile za injini ya 1KD, wanalijua hili kwa machungu: sili za nozeli zikivuja, moshi wa mwako unaichafua oili mpaka masizi yanaziba chujio lilelile.

VETA, mamlaka yetu ya elimu ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya 1994, na leo milango yake iko wazi hata kwa waliojifunzia mtaani. Wenzenu wa Kenya wana mitihani ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, ya madaraja matatu. Kwa hiyo chombo cha kupimia kipo. Naomba kipimo hiki kiwemo na kiwe na alama za kutosha kumwangusha mtu. Najua mtasema muda hautoshi, kwamba kungoja silikoni ikauke kunakula siku ya mtihani. Wafunge jioni wote, wafungue asubuhi. Najua pia kwamba spana ya toki ni ghali kwa gereji changa. Moja ya chuo inaweza kuzunguka, na fundi aliyekwisha kuisikia mara nyingi mkononi atakaribia namba yake hata siku asiyokuwa nayo.

Asubuhi hiyo tazameni vitu vichache: silikoni iliyotokeza ndani iwe mstari mwembamba usio na mkia, chujio liwe safi, pini ziwe mahali pake, rula ikae pale kava inapokutana na bloku. Kijana akikosea, mwonyesheni palepale, asafishe, apake tena. Hakuna injini ya mteja iliyokufa.

Kwa chuo chochote cha Dar es Salaam au Pwani kitakachotaka kuanza, nitaleta sampu kuukuu, vioo, na vile vipande vya silikoni nilivyovitoa kwenye IST. Bado ninavyo kwenye kopo. Nitakaa na walimu siku nzima bila malipo, na nitashukuru nikiitwa kabla ya muhula ujao kuanza.

Wenu katika kazi,
Fundi wa injini, Dar es Salaam